Neno Lililobomoa Ashenhope

Enoch Bebb alipata habari kwamba jumba la Ashenhope litabomolewa akiwa juu ya ngazi, anafunga matawi ya mpeasi kwenye ukuta wa kusini. Ilikuwa Machi mwaka 1953, na baridi ya Shropshire ilikuwa bado inauma masikio. Kapteni Giles Thursby, mrithi wa jumba hilo, alikuja mwenyewe hadi chini ya ngazi akiwa ameshika kofia mkononi, na hilo peke yake lilimtia Enoch wasiwasi. Kapteni hakuwa mtu wa kumvulia kofia mtunza bustani.

"Shuka kidogo, Bebb."

"Nasikia hata nikiwa huku juu, bwana."

"Shuka, nakuomba."

Akashuka. Kapteni akayamwaga yote kwa mkupuo mmoja: kwamba kodi ya mirathi imemshinda, kwamba jumba limetangazwa mwaka mzima na hakuna aliyelitaka, si mtu, si hospitali, si serikali. Sasa amepatana na wabomoaji kutoka mjini. Wataanza Agosti, vitu vikishanadiwa. Mashamba yatabaki mashamba, na Enoch ataachiwa kijumba cha langoni mpaka mwisho wa uhai wake.

"Na bustani, bwana?"

Kapteni aliutazama ukuta, akaitazama nyumba ya vioo, akavaa kofia yake. "Bustani bila jumba ni ya nini, Bebb?"

Enoch alipanda tena ngazi, akalishika lile tawi aliloliacha, akalifunga kwa uangalifu kana kwamba litaishi kuzaa. Kule jikoni, Dorcas Gittins, mpishi, alipopata habari alimtukana Kapteni mpaka sauti ikamkauka. Akamwita mlevi wa karata, akamwita jogoo asiye na kilemba, akasema laiti angejua angemtilia sabuni kwenye mchuzi tangu siku ya kwanza. Enoch alikaa kwenye kiti chake cha kawaida karibu na jiko, akanywa chai, hakutukana. Alikuwa anajua jambo ambalo Dorcas hakulijua.

Jumba lile lilijengwa na tajiri wa sufu, Thursby wa kwanza, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini kabla ya hapo, kwa mawe yaliyochimbwa kwenye kilima kilichokuwa nyuma yake. Jua la jioni likiyapiga yalikuwa na rangi ya mkate uliotoka tanuri. Kila kizazi kiliongeza chake. Mmoja alichimba bwawa refu lenye samaki, mwingine akapanda mwerezi katikati ya uwanja wa nyasi, mwerezi ambao kufikia siku za Enoch ulikuwa unafunika kundi zima la kondoo kwa kivuli chake. Mwingine tena alijenga kuta nne za matofali kuzunguka bustani ya matunda, na ndani ya kuta hizo ndimo ulimokuwa mpeasi wa Ashenhope, aina ambayo haikuwapo mahali pengine popote. Matunda yake yalikuwa magumu kama mawe hadi Krismasi, kisha kwa wiki mbili tu yakawa matamu ajabu, kisha yakaharibika.

Enoch aliingia kazini pale mwaka 1906, akiwa na miaka kumi na minne. Wakati huo bustani ilikuwa na watu kumi na mmoja. Vita vya kwanza vikachukua saba, vikarudisha wawili, na Enoch alikuwa mmoja wao. Mwaka 1929 akafanywa mkuu wa watunza bustani, cheo kikubwa chenye watu wachache wa kuwaongoza. Akaoa Olwen, binti wa Kiwelisi kutoka ng'ambo ya mpaka, wakakaa langoni, hawakujaliwa mtoto. Olwen alifariki mwaka 1944. Tangu hapo Enoch alikuwa anakula chakula cha Jumapili jikoni kwa Dorcas, ambaye naye alikuwa mjane, na watu wa kijijini walikwisha kuwaoza kwa midomo.

"Utanioa lini, mzee wa samadi?" Dorcas alikuwa anamtania mbele ya watu.

"Siku utakayojifunza kupika kabichi, mama."

"Basi utakufa ungali mjane!"

Vita vya pili ndivyo vilivyoleta shule. Wasichana sitini waliletwa kutoka Liverpool kukimbia mabomu, pamoja na mwalimu mkuu wao, Bi Muriel Garside, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya kiume na kutembea kama anayewahi treni. Lady Sybil Thursby, mwenye jumba, alihamia vyumba vitatu vya upande wa mashariki na kuwaachia vilivyobaki. Enoch aliichukia shule ile kuanzia siku ya kwanza. Wasichana walilima viazi palipokuwa na mawaridi. Walicheza mpira wa magongo nyuma ya mazizi na mpira ukaruka ukuta ukavunja vioo vya nyumba ya mapichi, ile nyumba ya vioo ya kukuzia matunda. Enoch alikusanya vipande vyote ndani ya ndoo, akaiweka ndoo mlangoni pa ofisi ya Bi Garside bila neno.

Kesho yake ndoo ilirudi mlangoni kwake, imejaa samadi ya farasi hadi juu, na kikaratasi: "Wasichana waliovunja ndio waliookota. Natumaini tumelipa."

Enoch alicheka peke yake hadi akashika ubavu. Lakini alipokutana na Bi Garside alikunja uso vilevile, maana alikwisha kuamua kutompenda, na yeye akishaamua jambo ilikuwa vigumu kumwondoa.

Mwana pekee wa Lady Sybil aliuawa kwenye jangwa la Libya mwaka 1942. Vita vilipokwisha, yule mama alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili, paa linavuja, hana mtu. Bi Garside, ambaye shule yake ya Liverpool ilikuwa imebaki kifusi, akaja na ombi. Shule ibaki Ashenhope moja kwa moja. Wazazi na wafadhili watatengeneza paa. Lady Sybil atabaki vyumbani mwake maisha yake yote, na wafanyakazi wote watabaki na kazi zao.

Siku moja ya Juni mwaka 1946, kabla ombi halijajibiwa, Bi Garside alimfuata Enoch ndani ya nyumba ya mapichi. Alikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa, ameibana kwapani.

"Bwana Bebb, una dakika tano? Nataka unitazamie kitu."

"Nina mapichi, Mwalimu."

"Mapichi hayatakimbia."

"Hayakimbii. Yanaanguka."

Bi Garside alisimama palepale, jasho la joto la vioo likimtoka. Enoch aliendelea kuchuma yale machanga yaliyosongamana, moja moja, taratibu kuliko inavyohitajika, amempa mgeni mgongo.

"Basi nitakuja siku nyingine," alisema Bi Garside mwishowe.

"Karibu," alijibu Enoch, bila kugeuka.

Hakuja tena. Juma lililofuata Lady Sybil alimwita Enoch kwenye benchi chini ya mwerezi. Ile karatasi ilikuwa imetandazwa magotini pake. Ilikuwa ni ramani ya mpimaji, na juu ya uwanja wa nyasi ulikuwa umechorwa mstatili mkubwa wa wino mwekundu: uwanja wa michezo. Mwerezi ulikuwa umepigwa alama ya msalaba.

"Wewe unaonaje, Bebb?" aliuliza Lady Sybil. "Nimebaki na wewe tu wa kumwuliza."

Enoch aliutazama ule msalaba mwekundu na damu ikampanda kichwani. Miaka arobaini alikuwa ameusuka ule uwanja kwa mikono yake. Alikuwa anajua kila mahali ulipobonyea.

"Jumba lingekuwa langu, Bibi Mkubwa," alisema, "ningeliacha lianguke lenyewe, jiwe baada ya jiwe, kuliko kuwaona wakikimbiza mpira hapa."

Lady Sybil alicheka kidogo. "Hata mimi ndivyo nilivyofikiri," alisema. Lakini aliendelea kukaa pale na karatasi imetandazwa vilevile, akiipapasa kingo zake kwa vidole, na Enoch alipotazama nyuma kutoka kwenye mlango wa ukuta alimwona bado amekaa. Wakati ule hakulifikiria jambo hilo. Alirudi kazini akipiga mbinja.

Barua ya kukataa ilikwenda. Shule ikahamia kwenye kambi ya jeshi iliyoachwa, mbali, upande wa bahari ya Wales. Siku ya kuondoka wasichana walilia, Dorcas akalia nao, akawafungia keki za njiani. Kisha akaja kusimama na Enoch langoni.

"Hivi Bibi Mkubwa ameingiwa na nini?" alisema. "Watu wanamletea paa jipya, yeye anawafukuza?"

"Ana sababu zake," alijibu Enoch.

Baada ya hapo mambo yakaenda mteremko. Maji yaliingia ghorofa ya juu, kisha ya kati. Mtunza bustani wa pili akaenda kufanya kazi kiwandani, Enoch akabaki peke yake na ekari zote zile. Akaachia bwawa, akaachia mawaridi, akashikilia ukuta wa kusini na uwanja wa nyasi tu. Januari 1952 Lady Sybil aliugua kifua, akafa ndani ya siku nne, na kila kitu kikamwangukia Kapteni Giles, mtoto wa shemeji yake, ambaye alikuwa amelala Ashenhope mara tano maishani mwake.

Mnada wa vitu ulifanyika Julai, siku mbili mfululizo. Watu walikuja kutoka kila upande. Wengine walinunua, wengine walikuja tu kuona jinsi matajiri walivyokuwa wanalala. Milango ilinadiwa, na ngazi kuu ya mwaloni, na mabafu, na hata ile kengele ya chakula. Enoch hakuweza kukaa ndani. Alikuwa anafagia kijia kisichohitaji kufagiwa aliposikia hatua za mtu anayewahi treni.

"Bwana Bebb."

Nywele za Bi Garside zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alikuja kununua makabati ya vitabu, alisema. Kule kambini vitabu vilikuwa bado vinakaa kwenye masanduku ya risasi.

"Shule haijambo, Mwalimu?"

"Ipo. Ina baridi, na mabati yanapiga kelele upepo ukivuma, lakini ipo." Alikaa kwenye lile benchi chini ya mwerezi, akaugusa ubao wake. "Niliupenda sana mti huu. Siku ile ramani ilipokuja na ule msalaba mwekundu nilimwambia mpimaji kwamba ni mwendawazimu."

Enoch aliacha kufagia. "Unasema?"

"Mpimaji. Yeye alitafuta mahali palipo sawa akachora, basi. Hajui mti wala nyasi. Ndiyo maana nilikuletea wewe kwanza, kule kwenye mapichi. Nilikuwa nimeona lile shamba la malisho kule chini, karibu na kijito, lakini sikujua kama maji hutuama wakati wa masika. Nilitaka uniambie kama pangefaa."

Enoch aligeuka kuangalia upande wa kijito. Lile shamba la chini halikutuama maji hata siku moja. Lilikuwa na changarawe chini yake. Angeweza kumwambia hivyo bila kuacha kuchuma mapichi, bila hata kugeuka.

"Lakini ulikuwa na kazi," alisema Bi Garside. Hakusema kwa ukali. "Na mimi nikaona haya kurudi. Nikampa Lady Sybil ramani ilivyo, nikidhani tutakaa sote watatu tuipangue. Badala yake nikapata barua. Aliandika kwamba yeye na mtunza bustani wake wamekubaliana."

"Aliandika hivyo?"

"Maneno hayohayo."

Ndani ya jumba mnadi alikuwa anapiga kelele, watu wanacheka. Enoch alishikilia fagio kwa mikono miwili.

"Lile shamba lingefaa, Mwalimu," alisema baadaye. "Ni kavu. Mwaka mzima ni kavu."

Bi Garside aliinamisha kichwa, kisha akainuka taratibu, akampa mkono. Alimwambia kwamba kule kambini anatafuta mpishi, na kwamba ameshazungumza na Bi Gittins. Kwa mtunza bustani hapakuwa na kitu, alisema, ni mchanga na upepo tu. Lakini kama angependa kuja kuwatembelea, mlango uko wazi.

Wabomoaji walifika Agosti. Msimamizi wao, Sid Wragg, alikuwa mtu mcheshi mwenye kidole kimoja kilichokatika, na hakuwa na ubaya na mtu yeyote. Waliondoa kwanza mabamba ya madini ya risasi yaliyofunika paa, kisha mbao, kisha wakapiga kuta kwa tufe la chuma. Malori yalihitaji njia, wakatoboa ukuta wa bustani ya matunda, wakapita juu ya vitanda vya mboga. Nyumba ya vioo ilichukua nusu saa.

Siku ya mwerezi Wragg alikuja kumwita Enoch langoni.

"Nimeona nikwambie, mzee. Wengine hupenda wawepo, wengine hupenda wawe mbali."

"Utaangukia wapi?"

"Kwenye nyasi. Pamenyooka vizuri pale, utadhani ulitandika shuka."

Enoch alikwenda akasimama. Ilichukua asubuhi nzima. Mti ulipoanguka, ardhi ilitikisika hadi kwenye magoti yake, na matawi yakachimba mashimo kwenye uwanja, mashimo marefu meusi. Kilichomshangaza ni mwanga. Uwanja wote ulijaa mwanga mkali asioujua, akawa hajui aangalie nini.

Alijaribu kuuokoa mpeasi. Wakati mzuri wa kukata vikonyo vya kupandikiza ulikuwa wakati wa baridi, mti umelala. Lakini wakati wa baridi Enoch hakuwa ameamini kwamba jumba litaondoka. Hata baada ya Machi, baada ya Kapteni kusema, alikuwa bado anatarajia mtu atatokea, tajiri fulani, chama fulani, serikali. Sasa Agosti alichukua macho ya mti, yale machipukizi madogo, yenye afya kidogo, akayapandikiza kwenye miche minne ya mpeasi mwitu aliyoing'oa kwenye ua wa shamba, akaifunga vizuri, akaiweka kivulini nyuma ya kijumba chake. Joto la mwezi ule lilikuwa kali. Baada ya wiki tatu macho yote manne yalikuwa meusi, yanakatika ukiyagusa. Na kufikia hapo mti wenyewe ulikuwa umeshakwenda pamoja na ukuta.

Jumapili ya mwisho ya Septemba Enoch alikwenda kwa Dorcas. Jiko la jumba lilikuwa halipo tena. Dorcas alikuwa amepanga chumba kijijini, na sufuria zake zimefungwa kwa magazeti tayari kwa safari. Alikuwa amepika kondoo na kabichi. Hata kabla hawajakaa alikuwa ameshaanza.

"Huyo Giles nasikia yuko Ufaransa. Ufaransa! Nyumba ya watu anaisaga kokoto, halafu anakwenda kunywa mvinyo. Mungu atamlipa."

"Dorcas, mwache Giles."

"Nimwache? Kwani wewe huna uchungu?"

"Si Giles." Enoch aliweka uma chini. "Ni mimi."

Akamweleza yote. Alimweleza juu ya mapichi, na benchi, na ramani, na maneno aliyoyasema. Alimweleza juu ya shamba la chini, na alilolisema Bi Garside siku ya mnada. Hakujipunguzia kitu. Alipomaliza, mafuta ya nyama yalikuwa yameganda kwenye sahani.

Dorcas aliisogeza sahani yake kando.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba unakula jikoni mwangu, unanisikiliza namlaumu Bibi Mkubwa. Nilimlaumu hadi kaburini, Enoch. Siku anakufa, nikimbadilishia mito, moyoni nasema wewe mama ungekubali wale watoto tusingekuwa hapa na ndoo kila kona. Nilimsemea hayo moyoni, yeye anakata roho!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungesema!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Nilifikiri hutanipikia tena."

Alilisema kwa ukweli mtupu, na likatoka kama mzaha mbaya. Dorcas aliinuka, akachukua sahani ya Enoch, akaimwaga ndani ya ndoo ya maganda.

"Basi ulifikiri vizuri," alisema. "Nenda nyumbani, Bwana Bebb."

Hakuwahi kumwita Bwana Bebb tangu mwaka waliojuana. Jumanne yake alipanda basi, akaenda kwenye shule ya kambini, na hakupita langoni kuaga.

Enoch alipata kibarua cha kukata majani kwenye makaburi ya kanisa. Haikuwa kazi ngumu. Lady Sybil alikuwa amezikwa pale, na Olwen pia, upande mwingine, wanapozikwa watu wa kawaida. Kila alipofika kwenye kaburi la Lady Sybil alikata nyasi kwa mkasi, si kwa fyekeo, na kila mara alijikuta anamwona kwenye benchi, akipapasa kingo za karatasi. Alikuwa anataka kukubali, yule mama. Sasa Enoch alikuwa na uhakika. Alikuwa anataka tu mtu mmoja amwambie kwamba si vibaya.

Alimwandikia Dorcas wakati wa Krismasi. Hakujibiwa. Akaandika tena Pasaka, mistari mitatu, juu ya mvua na magoti yake. Hakujibiwa. Mwaka wa pili, mwezi wa Mei, ikaja kadi moja yenye picha ya bahari: atapita kumwona dada yake, basi la saa nne la Jumamosi, akae kituoni kama ana nafasi.

Alishuka akiwa amenenepa kidogo na amevaa kofia mpya. Walisalimiana kwa mikono.

"Umekonda," alisema Dorcas.

"Najipikia."

"Inaonekana." Akaangalia upande wa barabara ya Ashenhope. "Twende nikaone. Nataka nione mara moja, nisirudie tena."

Langoni walipita kijumba, wakafuata njia ya zamani. Baada ya hapo njia iliishia ndani ya shayiri. Mpangaji wa shamba alikuwa ameisawazisha ardhi yote, kutoka kwenye kilima hadi kwenye kijito, na shayiri changa ilikuwa inapepea kijani kibichi kila upande, bila ukuta, bila mti, bila jiwe.

Dorcas alisimama pembeni mwa shamba, mkoba wake ameukumbatia.

"Jiko lilikuwa wapi?" aliuliza.

"Pale." Enoch alinyoosha mkono.

"Pale? Haiwezekani. Mlango wa jiko ulikuwa unatazama kilima. Nilikuwa nakiona nikiwa nachambua maharage."

"Ndiyo, kilima kile, kutokea pale."

"Kile si chenyewe. Kile kimeegemea kushoto. Ilikuwa huku, karibu na sisi."

"Huku palikuwa mazizi, Dorcas."

"Mazizi! Miaka thelathini na moja nimepika humo, leo unaniambia palikuwa mazizi?"

Enoch aliangalia tena. Alitafuta mahali mwerezi ulipokuwa ili aanzie hapo kupima, maana kutoka kwenye mwerezi angeweza kupata kila kitu: ukuta, bwawa, nyumba ya vioo, mlango wa jiko. Ardhi ilikuwa inashuka vizuri, bila alama. Alijaribu kukumbuka ule mstari wa kilima nyuma ya matawi, lakini matawi ndiyo yaliyokuwa yanauficha. Akatembea hatua kumi kando ya shayiri, akasimama, akatembea nyingine.

"Hujui," alisema Dorcas nyuma yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ngoja kidogo."

"Enoch, hujui."

"Ungenipa muda ningepaona."

Manyunyu yalianza kuanguka. Dorcas alifungua mwavuli wake, akamsogelea, akauinua hadi ukawafunika wote wawili, ingawa ilimbidi anyooshe mkono sana.

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukaanza kufikiri hivyo."

"Sifikiri."

"Lakini huwezi kula mapishi yako hayo. Dada ana nyama ya nguruwe. Twende, basi la kurudi ni saa tisa."

Enoch alikuwa bado anatazama shayiri, akipima kwa macho kutoka kwenye kijito. Ilibidi Dorcas amvute kwa mkono wa koti mara mbili ndipo akaondoka.